Mama Chatu na Yule wa Mlangoni

Mama Chatu hakuzaliwa anapenda nyoka, na ukitaka kumharibia siku asubuhi asubuhi, mwambie alizaliwa anawapenda. Watu wanamwona ndani ya nyumba ya nyoka, amesimama mbele ya kioo na kofia yake ya kijani, sauti imejaa chumba kizima, wanasema huyu lazima utotoni alicheza na nyoka kama wenzake walivyocheza na wanasesere. Thubutu. Utotoni akiona hata kamba imelala njiani alikuwa anapiga kona. Alipoajiriwa kwenye bustani ya wanyama aliajiriwa jikoni, kwenye kantini ya wafanyakazi, kupika chai na kukaanga mayai, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba asitumwe kupeleka chai upande wa nyoka. Wa upande ule wakitaka chai, waifuate wenyewe.

Na waliifuata miaka na miaka. Aliyekuja zaidi alikuwa mtunzaji wa nyoka, mzee mrefu mwenye rundo la funguo kiunoni, ambaye bustani nzima ilimwita Mzee Funguo kwa sababu ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa anakunywa chai yake amesimama, hasemi neno, anarudi kwa nyoka wake. Kuongea na wageni haikuwa kazi yake. Kulikuwa na kijana mwelezaji, amesomea, ambaye alisimama mbele ya vioo na kuwaambia wageni huyu ni nani, anakula nini, anaishi wapi.

Sasa siku moja yule kijana akaamka sauti imekauka kabisa, ukimsalimu anakujibu kwa mikono. Na nje ya nyumba ya nyoka kuna shule nzima imepanga mstari, watoto wanasukumana, mwalimu wao anatoka jasho. Mzee Funguo akaenda moja kwa moja kantini.

"Dada," akasema, "wewe una mdomo."

"Mdomo ninao," mpishi akamjibu. "Moyo ndio sina."

"Moyo sijakuomba."

Ndivyo alivyovutwa, aproni kiunoni, mikono inanukia vitunguu. Akaingia, akamwona chatu yule mkubwa nyuma ya kioo, akagandamiza mgongo kwenye mlango. Watoto wanamtazama. Angesema nini, maskini? Akasema ukweli. "Wanangu, mimi namwogopa huyu kuliko ninyi wote mkijumlishwa. Hebu tumuulize Mzee: anaweza kutoka humo?" Mzee akasema hawezi. "Anatutaka?" Mzee akasema wala hana habari nasi. "Sasa kwa nini anatoa ulimi hivyo, kama anatukejeli?" Mzee akaeleza kwamba ule ulimi ndio pua yake, anaonja hewa apate kujua kuna nini mbele. Swali likaleta swali, na kila akipata jibu anasogea hatua moja bila kujijua, na watoto wanasogea naye, mpaka mwishoni pumzi yake ikawa inatia ukungu kwenye kioo na watoto wamemzunguka pande zote. Walipotoka, mwalimu alimshika mkono akamshukuru kwa dhati. Kijana wa sauti alipata kazi kwingine mwezi uleule. Kantini ikatafuta mpishi mpya.

Tangu hapo akawa Mama Chatu, jina la bustani na jina la mtaani. Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Wifi yake, akija kuwatembelea, hapokei kikombe mpaka amwone mwenyewe ananawa kwa sabuni, tena mara mbili. Binti yao alipochumbiwa, wakwe waliuliza kwa upole sana kama kazi ya mama haiji naye nyumbani. Mume wake ni fundi saa, mtu mpole, anakaa kwenye kibanda chake na lenzi jichoni siku nzima. Yeye hakusema kitu, ila ukweli ni kwamba miezi ya mwanzo alikuwa anaukung'uta mkoba wa mkewe nje kila jioni kabla haujaingia ndani. Akiulizwa, anasema anautoa vumbi.

Kila mwelezaji ana staili yake. Ya Mama Chatu ilikuwa hii: hakuongea na wa mbele. Wale waliojibana kwenye kioo, watoto wa kugonga na vijana wa kupiga picha, tayari wanapenda, wa nini kuhangaika nao? Yeye aliingia, akatupa macho juu ya vichwa vyao, akamtafuta yule wa mlangoni. Yupo kila mara. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, amekumbatia mkoba, amekuja kwa sababu ya watoto na anaomba liishe haraka. Huyo ndiye alikuwa mtu wake. Maneno yote, mizaha yote, aliielekeza huko nyuma, kama vile chumba hakina mwingine.

"Huyu tunamwita Shangazi," angesema, akimwonyesha chatu. "Hana sumu. Ana kununa tu. Akishakula mlo mmoja, wiki nzima na zaidi hataki chakula chako, hataki salamu yako, amejikunja pale anakutazama. Mnaye wa hivi kwenye ukoo wenu au hamnaye?" Watu wanaangua kicheko, wanatazamana, kila mmoja anaye. Kisha sauti inashuka. "Lakini Shangazi huyuhuyu akitaga mayai, anayazungushia mwili wake, hatoki, hali, mpaka wanawe watoke. Mwenye njaa humu ndani ajaribu siku tatu tu." Pale yule wa mlangoni anakuwa ameingiza mguu wa pili.

Mwisho wa maelezo lilikuja swali lilelile kila siku: akiingia nyumbani kwangu je? Na Mama Chatu alikuwa na jibu lililokuwa limeiva kwa miaka. "Ni mgeni aliyepotea njia. Hakukufuata wewe, hana ugomvi na wewe, anatafuta panya wako na kivuli chako. Usimpige. Mwache aende zake." Halafu ananyamaza. Chumba chote kinaguna kwa huruma, kina mama wanatikisa kichwa, na yeye anaona raha hadi kwenye visigino. Aliishia hapo siku zote, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa patamu.

Basi bustani ikapata meneja mpya, na nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mama Chatu ofisini, akamvutia kiti, akamwambia kuna wafadhili wanataka kuweka spika ukutani kwenye nyumba ya nyoka. Mgeni anabonyeza kitufe, anasikia maelezo yaliyosomwa na mtangazaji, mafupi, yaliyopangika.

"Sijaamua, mama," akasema. "Nataka kwanza nijue. Wageni wanakupenda, naona. Wanacheka mpaka nje. Ila sijui kama kuna kitu wanaondoka nacho. Tutawauliza pale getini wakitoka. Ikionekana maneno yako yanawaingia, utabaki. Ikiwa ni kicheko tu, nitakuomba urudi kantini, na mshahara wako hautaguswa."

Mama Chatu akasema sawa, meneja, akatoka. Mshahara hautaguswa, eti. Kama vile alikuwa anauza maneno kwa kilo. Alikwenda akasimama mbele ya Shangazi muda mrefu, akifuta kioo kilichokuwa tayari kisafi.

Aliyewekwa getini alikuwa binti mmoja wa chuo, mwembamba, mwenye adabu, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi ya kurekodi majibu. Swali lake lilikuwa moja: umejifunza nini leo kwenye nyumba ya nyoka? Na pembeni ya geti kuna kibanda cha aiskrimu, na nyuma ya kibanda, siku ya kwanza tu, nani alikuwa amejificha kofia mkononi? Mwenyewe. Angeweza wapi kukaa asijue?

Akasikia. Mmoja akasema amejifunza kwamba chatu anafanana na shangazi yake wa upande wa baba. Mwingine akasema yule mama ni kichekesho, angefaa kwenye harusi. Baba mmoja akasema amejifunza kuwa choo kiko mbali. Binti wa watu anauliza kwa upole, "Na kuhusu nyoka wenyewe?" Wanafikiri, wanatazama juu, wanasema kule ndani kuna joto. Mama Chatu alirudi kwa mlango wa nyuma amenywea kabisa.

Jioni alikaa mezani hagusi chakula. Mumewe akavua lenzi, akamsikiliza mpaka mwisho, maana ndiyo tabia yake.

"Wanatoka mikono mitupu," Mama Chatu akasema. "Miaka yote hii nilidhani nafundisha, kumbe nachekesha. Mtu akifika getini tu, kwisha. Akikutana na nyoka kesho atamponda na jembe kama jana."

"Mimi umenibadilisha," mumewe akasema.

"Wewe hujawahi hata kuingia mle ndani."

"Ndiyo. Lakini zamani nikiota nyoka nilikuwa nakimbia. Siku hizi naota namkaribisha kiti."

Mama Chatu akacheka kidogo kwa kumhurumia mumewe, akala vijiko viwili vitatu. Ila neno lilikuwa limeshamchoma. Kesho yake akaja na mpango: mizaha basi. Wanataka elimu, wataipata. Akasimama wima kama askari, akataja urefu wa chatu, akataja aina za magamba, akaeleza taya linavyoachia upande mmoja kisha upande wa pili, hakumtaja Shangazi hata mara moja. Jamani, ilikuwa huzuni kutazama. Watu walianza kutoka mmoja mmoja kwa heshima, wakijifanya wanapokea simu. Watoto waligonga kioo. Mzee Funguo alichungulia kutoka nyuma, akarudi ndani. Pale getini wiki ile mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu sasa hakuna aliyekumbuka chochote, hata kile kicheko.

"Kama ni kurudi jikoni, nirudi na mdomo wangu mwenyewe," akamwambia mumewe, na Jumatatu Shangazi akarudi kuwa Shangazi. Lakini raha ilikuwa imekatika. Alikuwa anasema maneno yaleyale huku jicho moja liko kwenye ukuta wa pembeni, ambako fundi umeme alikuwa ameshatoboa tundu la spika, la kujaribia, na kuning'iniza waya.

Sasa, miongoni mwa wale wa mlangoni kulikuwa na bibi mmoja, mshona mapazia. Mara ya kwanza aliletwa na wajukuu wakati wa likizo, akasimama pale kwenye mlango amekumbatia mkoba kama kuna mtu anataka kuunyang'anya, na Mama Chatu akamwelekezea maneno siku nzima. Alimfuata hadi pale alipo, akamwekea mikononi gamba alilojivua Shangazi, jepesi, kavu. Bibi alifumba macho akalishika. Wajukuu walishangilia. Jumamosi iliyofuata akarudi peke yake. Na iliyofuata tena. Kila akija anasimama palepale mlangoni, hasogei, anasikiliza mpaka mwisho kama hajawahi kusikia, na kila mara anauliza lake: "Mwanangu, na akiingia chumba changu cha kushonea?" Na Mama Chatu anamjibu lilelile, mgeni aliyepotea njia, usimpige, mwache aende. Kisha wanasalimiana, wanaulizana miguu na mgongo, bibi anakwenda zake. Alikuwa anamwita mwanangu, na Mama Chatu, ambaye mama yake alishatangulia zamani, alilipenda neno hilo kuliko alivyokubali kusema.

Jumamosi ya mwisho kabla meneja hajatoa uamuzi wake, chumba kilikuwa kimejaa. Mama Chatu yuko katikati ya hadithi ya mayai ya Shangazi. Anatupa macho nyuma amtafute mtu wake wa mlangoni, anamwona bibi wa mapazia anaingia, na bibi leo hakusimama mlangoni. Alikuja moja kwa moja mbele, polepole, watu wanampisha, amebeba kwa mikono miwili ndoo ya rangi yenye kifuniko, imefungwa kwa utepe wa mapazia, mafundo juu ya mafundo.

"Mwanangu," akasema, anahema. "Nimekuletea mgeni wako."

"Mgeni gani tena, bibi?"

"Yule aliyepotea njia."

Akaiweka ndoo sakafuni. Kwenye kifuniko alikuwa ametoboa matundu kwa ncha ya mkasi, ili apate hewa. Na kutoka ndani ya yale matundu ikatoka sauti ya kupuliza, ndefu, ya hasira, ambayo kila aliyefanya kazi katika nyumba ile anaijua hata usingizini.

Mama Chatu hakupiga kelele, na hilo ni la kumsifu. Alimshika bibi begani akamvuta nyuma, akawaambia watu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa tutatoka nje kupunga upepo kidogo, taratibu, wenye watoto watangulie. Wakatoka. Akamwita Mzee Funguo. Mzee akaja, akaitazama ndoo, akayatazama matundu, akarudi kuvaa miwani yake ya plastiki, na ndipo akaibeba kwa kuinyoosha mbali na mwili mpaka chumba cha nyuma. Walisikia mlango unafungwa. Bibi anapangusa mikono kwenye gauni.

Mzee aliporudi, miwani imelowa matone. "Swila," akasema. "Mkubwa, mzima. Anatema." Akamgeukia bibi kwa adabu zote. "Mama, huyu anatema sumu anakulenga machoni. Hahitaji kukugusa. Umemshikaje?"

Bibi akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupindua pindo. Aliingia asubuhi chumba cha kushonea, akamkuta amejikunja chini ya cherehani, kando ya pedeli. Akachukua ndoo, akamfunika. Akangoja atulie. Akapitisha chini ubao anaozungushia vitambaa, akageuza, akafunika, akafunga. Mafundo mengi, alisema, ni kwa sababu hakuliamini lile la kwanza. Kwenye basi aliipakata mapajani. Kondakta alimuuliza ni rangi gani, akamwambia nyeusi.

Mama Chatu akakaa kwenye benchi la wageni. Kisha akasimama, akaanza kugomba. Aligomba kama hajawahi kugomba tangu azaliwe, wakamsikia mpaka kwenye twiga.

"Nani alikwambia umbebe? Nani? Umri wote huo unainama chini ya meza na swila! Ungepofuka nani angekushonea, nani angekuongoza? Na kwenye basi, na watoto wa watu wamekaa hapo! Nani alikwambia?"

"Wewe," bibi akasema.

"Mimi nilisema usimpige."

"Sikumpiga."

"Nilisema mwache aende zake."

"Angeenda wapi, mwanangu? Nje kuna vijana wa gereji. Wangemmaliza kwa mawe kabla hajafika kwenye majani. Nikasema nimlete kwako, wewe ndiye mwenyeji wake."

Mama Chatu akavua kofia. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha. Maana alikuwa ameona. Miaka yote alikuwa anaikata ile sentensi pale penye huruma, pale watu wanapoguna, akaenda nyumbani ameridhika. Rudi nyuma, ondoa watoto, funga mlango wa ndani, waite wanaojua: hayo hakuyasema, kwa sababu baada ya huruma yangesikika baridi. Amewafundisha watu kupenda, hakuwafundisha wakae mbali. Na mtu wa kwanza kuyabeba maneno yake mpaka nyumbani ameyabeba yakiwa nusu, kwa mikono miwili, juu ya mapaja.

Wakati huo habari ilikuwa imeshafika getini. Binti wa chuo aliingia anakimbia, simu mkononi, uso unang'aa, meneja nyuma yake anafunga kifungo cha koti. Binti akasikiliza kisa kwa Mzee Funguo, akamgeukia Mama Chatu kwa furaha tupu.

"Mama, hili ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Hakumuua. Maneno yako yamefika."

"Yamefika," Mama Chatu akasema. "Kidogo yamuue bibi. Usirekodi kwa kicheko, mwanangu. Rekodi vyote viwili."

Binti akashusha simu, akaomba radhi, akamtafutia bibi maji ya kunywa. Meneja alisimama akiutazama ule ukuta wenye tundu na waya unaoning'inia.

"Mama," akauliza mwishowe, "spika nayo ingesema maneno haya haya? Usimpige, mwache aende?"

"Ingesema. Si wangeyachukua kwangu."

"Na bibi angekuja na ndoo yake aiweke mbele ya spika."

"Angekuja nayo."

Meneja akatikisa kichwa taratibu. "Siwezi kuweka hapa kitu kinachoweza kumwambia mtu neno halafu hakiwezi kumgombeza," akasema. Akamwomba fundi aje azibe tundu. Kisha akamgeukia Mama Chatu, na safari hii sauti ilikuwa ya bosi. "Lakini kuanzia sasa hivi, sentensi yako uimalize."

Hakungoja kesho. Wageni walikuwa bado nje wamejaa kivulini, hakuna aliyeondoka, wangeondoka vipi na mambo kama yale? Akawaita ndani, akamkalisha bibi mbele kwenye kiti cha Mzee Funguo, akamshika mkono, akaanza upya. Shangazi alikuwepo, mayai yalikuwepo, kicheko kilikuwepo, kilichotetemeka kidogo. Alipofika pale kwa mgeni aliyepotea njia, hakunyamaza. Usimpige, akasema, na wala usimsogelee. Rudi nyuma, ondoa watoto, funga, tupigie simu, namba iko pale juu, na akikutemea, maji mengi machoni halafu hospitali, usisugue. Unaweza kumtakia mema ukiwa mbali. Hakuna aliyeguna. Walikuwa wanatazama mikono ya bibi. Mama mmoja alitoa simu yake akaanza kunakili ile namba, kisha mwenzake, kisha safu nzima.

Jioni bustani ilipofungwa, swila alikuwa kwenye kasha lake tayari kwa safari ya kwenda kuachiwa porini, na Mama Chatu alimsindikiza bibi mpaka kituoni, ndoo tupu mkononi, maana bibi alikataa katakata kuiacha, ndoo nzuri ile. Wakakaa kwenye benchi wakingoja basi. Mama Chatu alikuwa amechoka mpaka mifupa, lakini kuna kitu kilikuwa kinamtekenya moyoni, alikuwa anataka kukisikia kwa masikio yake.

"Kwa hiyo, bibi," akasema, "siku hizi unawapenda."

"Nani?"

"Nyoka."

Bibi akamgeukia kama amemtukana. "Mimi? Sipendi hata kuwataja. Tangu asubuhi sijaweka kitu mdomoni."

"Sasa mbona hukumuua? Ulikuwa peke yako, hakuna aliyekuona."

Basi likatokea kwenye kona. Bibi akasimama, akajinyoosha mgongo, akachukua ndoo yake.

"Nilishika pasi," akasema. "Ile nzito ya chuma. Nikainyanyua mpaka hapa. Halafu nikakuona wewe na hiyo kofia yako. Nikajiuliza, nikishamponda huyu, Jumamosi nitakwenda kumtazama yule mwanangu kwa uso gani?"